Sam au sa? Kikorea na kelele za nyama

Mwaka wa pili huu niko Seoul, jioni nabeba sahani kwenye kimgahawa cha nyama ya kuchoma, na niseme ukweli, Kikorea changu cha darasani kinaishia mlangoni. Nikivaa hedifoni dal (mwezi), ttal (binti) na tal (kinyago) nazipata zote, mwalimu mpaka ananisifu. Sasa we ingia pale Ijumaa usiku, mafuta ya nguruwe yanachachatika kila meza, mafeni ya kuvuta moshi yananguruma, watu wameshakunywa soju (pombe yao kali) wanaongea wote kwa mpigo, halafu mtu anakuita uchukue oda, yani hapo unabaki unatabasamu tu.

Balaa ni namba. Nyama inaagizwa kwa idadi ya walaji, il-inbun ya mmoja, i-inbun wawili, sam-inbun watatu, sa-inbun wanne. Cheki hizo sam na sa, zinatofautiana kwa ka-m kamoja tena kanatamkwa mdomo umefungwa, feni likinguruma kameshamezwa. Kuna siku waliagiza ya watatu nikapeleka ya wanne, wakala yote, kwenye bili ndo wakakumbuka kulalamika.

Kumbe hata wenyewe zinawapiga chenga! Wana namba za aina mbili, za Kikorea chenyewe na zilizotoka Kichina, kwa hiyo jeshini kwenye redio wanazichanganya makusudi: moja hana badala ya il, mbili dul badala ya i, tatu wanaiacha sam ila nne inakuwa net, sifuri gong. Na neno "yako" linaandikwa ne lakini mtaani utasikia ni, maana ne na nae ya "yangu" siku hizi masikioni ni kitu kimoja.

Ila dal na tal ndo zilinitesa. Nilikuwa natega sikio kwenye ile pumzi inayotoka baada ya t, wapi, pumzi ni shhh nyembamba na mafuta ya moto nayo yanapiga shhh hiyo hiyo. Dada wa jikoni akanambia achana na pumzi, sikiliza sauti inaanzia juu au chini. Na kweli bana, vijana wa Seoul dal wanaianzia chini, tal na ttal juu, na mlio wa koo haumezwi kirahisi na kelele. Kwa pumzi peke yake dal na tal zao zimeshakaribiana sana, wazee ndo bado wanazitenganisha.

Bibi yangu ni wa Mombasa, paa la nyumba anatamka kavu, paa mnyama anampulizia. Mi nimekulia bara, sikio hilo sikurithi, na lingenifaa kweli.

Juzi mzee mmoja kaita, nikasikia sam, au sa, nikanyoosha vidole vitatu. Akacheka akaninyooshea vinne. Maekju du byeong, bia chupa mbili, hiyo niliipata bila vidole.