Kutoka Beer-sheba hadi Ketura: panga safari ya kundi kwa kufuata maji

Makundi mengi yanayozuru jangwa la Negev, kusini mwa Israeli, hupanga vituo kwa mfuatano wa Biblia. Mpango huo huvunjika mapema, kwani huko jua na maji ndivyo vinavyoamua.

Anzeni asubuhi Tel Be'er Sheva, magofu ya mji wa kale wa Beer-sheba. Langoni kuna kisima cha karibu mita 70, na ndani ya magofu kuna ngazi za kushukia mabirika yaliyochongwa mwambani. Wageni huvaa helmeti. Wenye magoti mabovu wasilazimishwe. Madhabahu yenye pembe mnayoiona pale ni nakala, mawe halisi yako Israel Museum, Yerusalemu. Mkisoma Mwanzo 21, elezeni kwamba "mkwaju" alioupanda Ibrahimu si huu wa kupikia uji. Kiebrania kinasema esheli, mti wa jangwani wenye vijani kama magamba, unaostahimili chumvi.

Masada, ngome ya kale juu ya mlima kando ya Bahari ya Chumvi, haimo katika Biblia, lakini haifai kurukwa. Pandeni kabla ya jua kuchomoza: Njia ya Nyoka huchukua kama saa moja, na siku za joto kali hufungwa. Kila mtu abebe lita tatu za maji, na kiongozi wa pili akae nyuma kabisa. Wasioweza kupanda hungoja gari la kamba, ambalo halianzi alfajiri, kwa hiyo kundi litagawanyika tu. Kubalianeni mapema mtakutana wapi.

Kisha En-gedi, chemchemi ya jangwani, wakati watu bado wana nguvu. Mbuzi-mwitu wa 1 Samweli 24 wangali wakiruka majabalini. Hatari hapa ni mafuriko ya ghafla: mvua hunyesha milimani Yudea, kwenu mbingu ni nyeupe, na korongo linajaa. Serikali ikitoa onyo, msiingie bondeni hata kwa dakika tano.

Bahari ya Chumvi iwe jioni. Lala chali, usizamishe uso, na usinyoe siku hiyo wala jana yake. Kusimama ndiko kunakowashinda wengi: vuta magoti kifuani, sukuma maji chini kwa mikono, miguu itashuka yenyewe. Dakika 15 zinatosha. Ogeleeni kwenye fukwe rasmi pekee. Bahari inapungua karibu mita moja kwa mwaka, maji baridi ya ardhini yanayeyusha tabaka za chumvi, na ardhi inabomoka na kuacha mashimo.

Kibutsi (kijiji cha ushirika) cha Ketura kiko katika bonde la Araba, kama kilomita 50 kaskazini mwa mji wa Eilat. Fikeni kabla ya jua kutua Ijumaa, maana Sabato ikianza mabasi ya umma husimama. Bwaloni msiingie na chakula chenu. Jiko ni la kosher, yaani hufuata sheria za Kiyahudi za chakula.

Ombeni kuoneshwa mitende. Mitende jike huchavushwa kwa mikono, vichala hupunguzwa ili tende zinenepe, mavuno huanza Agosti. Umwagiliaji wa matone, uliokuzwa Kibutsi Hatzerim kuanzia 1965, hutumia hata maji ya chumvichumvi. Ndiyo maana wakulima huongeza maji mara kwa mara kusukuma chumvi mbali na mizizi, la sivyo majani hukauka nchani.

Msiondoke bila kumwona Methuselah, mtende dume uliooteshwa 2005 kutokana na mbegu ya miaka kama 2,000 iliyofukuliwa Masada, mlima uleule mlioupanda alfajiri.