Laptop ya mdogo wangu

Mdogo wangu anaanza chuo, jana tukazunguka Kariakoo kumtafutia laptop. Mpya za bei ya chini tulizoziona zilikuwa na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, huwezi kuongeza. Tukachukua ThinkPad T480 iliyotumika: RAM inaongezeka, SSD (diski ya kuhifadhia mafaili) inabadilishika, na prosesa yake ya Intel, kizazi cha 8, inakubali Windows 11. Hilo la mwisho msilipuuze jamani, msaada wa kawaida wa Windows 10, yaani masasisho ya bure ya usalama, uliisha Oktoba 2025.

Kabla ya kulipa nilifungua CMD (dirisha la kuandikia amri kwenye Windows) nikaandika powercfg /batteryreport. Ripoti ikaonyesha betri ya nje (ile ya kuchomoa) imebaki chini ya nusu ya uwezo iliotoka nao kiwandani. Muuzaji hakubisha, akatubadilishia palepale.