Audre Lorde, kwa macho ya Bagamoyo

Siku hizi, kila nipitapo mbele ya Boma la Wajerumani hapa Bagamoyo, humkumbuka mshairi ambaye hakuwa Mjerumani wala Mswahili: Audre Lorde, aliyezaliwa New York mwaka 1934 kwa wazazi waliotoka visiwa vya Karibi, na kukulia mtaa wa Harlem huko huko.

Maisha yake yana mengi. Alikuwa mkutubi, na kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka mwaka 1968. Alijitambulisha waziwazi kuwa mwanamke Mweusi, mama, mpiganaji, mshairi, tena mwenye kuwapenda wanawake wenzake, na hakukubali kuacha hata moja kati ya hayo ili awaridhishe watu. Alipokatwa titi kwa sababu ya saratani mwaka 1978, alikataa kuvaa la bandia, akaandika shajara ya maradhi yake bila kuficha hofu wala hasira. Msomaji wa pwani atamkumbuka Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake wa kumuusia binti yake amtii mumewe mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ingawa katika suala la mume nadhani wawili hao wasingeelewana hata kidogo.

Linalonigusa zaidi ni kazi aliyoifanya Berlin ya Magharibi, alikokwenda kufundisha mwaka 1984. Huko alikutana na wanawake Weusi waliozaliwa Ujerumani, wengi wao wakiwa wamelelewa peke yao miongoni mwa Wazungu, wasiokuwa na jina la kujiitia isipokuwa yale ya matusi waliyopewa na wengine. Aliwahimiza wafahamiane, wajipe jina wenyewe, na waandike habari zao kwa mikono yao. Miaka miwili baadaye kilitoka kitabu chao, ambacho May Ayim, mshairi aliyezaliwa Hamburg kwa baba Mghana, alikiandikia sehemu ndefu ya historia, ikiwamo ya makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Makoloni hayo ni pamoja na sisi, kwani Bagamoyo ndiyo iliyokuwa makao makuu ya utawala huo hadi mwaka 1891.

Lorde alifariki mwaka 1992 katika kisiwa cha St. Croix, naye Ayim mwaka 1996. Mwaka 2010 ukingo mmoja wa mto mjini Berlin, uliokuwa na jina la mtu aliyejenga ngome ya kikoloni Afrika Magharibi, ulipewa jina la Ayim.

Bibi yangu alizaliwa Wajerumani wakiwa wamekwisha kuondoka, lakini alirithi kwa mama yake nyimbo za wanawake waliobebeshwa mawe, akawa anatuimbia akitwanga. Mimi, niliyesoma hadi chuo kikuu, sikuandika hata ubeti mmoja. Mjomba anasema anakumbuka mbili, na Jumamosi ninakwenda kwake na daftari.