Nilivyowabakisha wasichana kwenye basketi Mombasa

Mzazi wa Majengo akikataa binti yake acheze basketi, muulize anataka mtoto awe ameshafika nyumbani saa ngapi. Kwangu mimi, ukocha wa wasichana ulianzia kwenye swali hilo. Nilikuwa nimefundisha wavulana miaka kadhaa, katika shule ya kutwa hapa kisiwani na Jumamosi katika timu ya vijana ya mtaa. Wavulana ukiwaachia mpira watacheza mpaka ringi isionekane. Wasichana walijaa uwanjani kidato cha kwanza, ikifika kidato cha tatu wamebaki wa kuhesabu, na waliokuwa wakiondoka ndio mara nyingi wenye mikono mizuri. Iliniuma. Nikaamua kuifuata sababu majumbani kwao.

Sababu ya kwanza ilikuwa saa. Mombasa magharibi huingia punde tu baada ya saa 12, na ikichelewa sana ni saa 12 na dakika 40 na kitu. Toa muda wa feri kwa wanaokaa Likoni, toa foleni ya matatu kwa wa Changamwe na Mikindani, uone kinachobaki. Nikaweka mwisho wa mazoezi saa 11 kamili, na nikaishika saa hiyo hata tulipokuwa na mechi kesho yake. Mzazi akishajua kwamba neno lako kuhusu saa halibadiliki, mengine anakusikiliza.

Muda ulipopungua ilibidi nichague cha kufundisha. Kuzunguka uwanja nikakufuta kabisa; kwa joto letu la kaskazi mwili unapata moto bila kubembelezwa. Kanuni zinaipa timu sekunde 8 kuvusha mpira nusu ya uwanja na sekunde 24 kurusha, basi nikapanga mazoezi kwa vipande hivyo hivyo vifupi, mpira ukiwa mkononi muda wote. Vuka, pasi, rusha, rudi kwenye difensi. Kwa kweli timu ilichangamka kuliko zamani.

Jambo la pili lilikuwa mavazi, na hapa nataka nieleze vizuri, maana makocha wengi wa Pwani wananiuliza. Nilikwenda nyumbani kwa mchezaji mmoja, nikapiga hodi, akanipokea bibi yake. Alinikaribisha kahawa kwanza, kisha akaniuliza, "Sasa mwalimu, huyu mwanangu mwamtaka avuliwe mtandio mbele za watu?"

"La, bibi. Atacheza nao."

"Na refa akimtoa?"

Nikamweleza kwamba zamani kweli kanuni za kimataifa zilikataza vazi la kichwa, ila FIBA, shirikisho la basketi la dunia, ilikubali kuzibadilisha Mei 2017, na kanuni mpya ikaanza kutumika Oktoba mwaka huo. Mtandio uwe mweusi, mweupe au wa rangi kuu ya jezi, usifunike uso, usiwe na kitu cha kufungia shingoni wala usoni kinachoweza kumuumiza mwingine. Wanaovaa katika timu moja wavae rangi moja. Nilikuwa nimebeba mmoja mfukoni. Bibi akauvuta, akaugeuza ndani nje, akatafuta pini asiipate. Akamwita mjukuu wake auvae palepale, akamwambia ainame, aruke, atikise kichwa. Haukutoka. "Haya," akasema, "lakini na mikono je?" Mikono ilikuwa na jibu pia, kwa kuwa soksi za mkono na taiti za mguu zinaruhusiwa zikiwa rangi moja kwa timu nzima.

Mitandio hiyo alitushonea fundi wa mtaani kwa kitambaa cha jezi kinachovutika, ukingo wake ukiwa na mpira laini. Wa kwanza ulibana sana masikio, wachezaji wakawa hawanisikii nikiwaita. Akaulegeza pembeni ukakaa sawa.

Ramadhani nilikuwa naiogopa. Miaka ya karibuni imeangukia kati ya Februari na Aprili, wakati basketi ya shule za sekondari inachezwa muhula wa kwanza. Kumkimbiza mtoto aliyefunga, juani, kwenye uwanja wa saruji, siwezi kukubali, hata awe amejitolea mwenyewe. Kwa hiyo mwezi huo tunasimama kwenye mstari wa mtupo huru, mita 4.6 kutoka ubaoni, tunarusha tu. Hakuna anayekukaba, hakuna kukimbia. Goti, kiwiko, kifundo cha mkono, tena na tena, halafu nyumbani mapema kusaidia futari. Baada ya Idd timu yangu ilikuwa haikosi ovyo kwenye mtupo huru, na mechi za shule mara nyingi huamuliwa hapo, wachezaji wakiwa wamechoka na faulo zimejaa.

Wazazi kadhaa waliniuliza basketi itampa nini binti yao. Sikumwahidi mtu ufadhili wa masomo. Kocha anayeahidi hivyo anacheza na matumaini ya watu. Badala yake niliwapeleka wasichana Makande kutazama wanawake wa KPA, timu ya bandari yetu wenyewe iliyowahi kutwaa ubingwa wa Kenya zaidi ya mara moja, na mama mmoja alikuja nasi. Alikaa kimya robo ya kwanza nzima. Robo ya pili alikuwa amesimama, anamlalamikia refa.

Sasa wachezaji wangu wawili waliomaliza kidato cha nne wanawafundisha wadogo Jumamosi asubuhi. Wazazi wanaokuja kuuliza nafasi nawapeleka kwao moja kwa moja, na wao ndio wanaopanga saa.