Droo ya chini

Fundi alisema wiki tatu. Nilimwamini kwa sababu alikuwa anaandika kwenye karatasi wakati akisema, na mtu anayeandika huonekana ana hakika na mambo yake.

Bomba la bafuni lilikuwa limevuja chini ya sakafu, kwa muda gani hakuna aliyejua. Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa na doa darini, akitutumia picha yake kila Jumatatu, na kila Jumatatu doa limenenepa kidogo. Ikabidi sakafu ya bafu na ya chumba cha kulala ivunjwe, bomba libadilishwe, zege jipya limwagwe, kisha chumbani ziwekwe mbao. Wazo langu la kwanza lilikuwa kurundika kila kitu sebuleni na kukifunika mashuka. Fundi akacheka.

"Mama, vumbi la zege halibishi hodi. Utalikuta hata ndani ya saa yako ya mkononi."

Basi tukakodi stoo kwa mwezi mmoja: chumba cha mita 3 kwa 2, sakafu ya saruji tupu, mlango wa bati unaovutwa juu, kufuli unaleta mwenyewe.

Kufungasha tulifungasha kwa siku mbili, na karibu kila kosa linalofanywa na wageni wa kazi hii tulilifanya. Vitabu nilivijaza kwenye boksi kubwa kuliko yote. Likafika salama mpaka mlangoni pa lifti, hapo likaachia chini, kamusi zikatawanyika huku lifti ikifunga na kufungua mlango bila kujua la kufanya. Majina ya vitu niliyaandika juu ya mifuniko. Maboksi yalipopandishwa moja juu ya jingine, majina yote yakafunikwa, isipokuwa la boksi la juu kabisa lililosema "mbalimbali". Friji tuliifunga mlango vizuri tukijiona watu wa utaratibu. Atakayekodi stoo na asikie langu hili: friji iyeyushwe barafu, ikaushwe, na mlango uachwe wazi. Harufu tuliyoikuta siku ya kuifungua sina haja ya kuieleza.

Lakini kilichonishughulisha zaidi kilikuwa kabati la mama yangu. Ni kabati la droo nne, la mbao nzito, lenye vishikio vya shaba vilivyolainika kwa miaka ya vidole. Mama alipofariki, wadogo zangu walichukua vingine, mimi nikachukua hilo. Sikutaka lipate hata mkwaruzo. Nikalifuta kwa kitambaa cha maji, juu, pembeni, hadi ndani ya droo, nikahakikisha halina vumbi. Halafu papo hapo nikalizungushia nailoni, mizunguko mitatu, nikabana kila mshono kwa selotepu mpaka hakuna pa kupitisha unywele.

Mume wangu alisimama mlangoni akitazama. "Hilo sasa hata upepo haulioni."

"Ndiyo maana yake," nikamjibu.

Liliingia stoo la kwanza, likasukumwa hadi ukutani, juu ya saruji. Mengine yote yakapangwa mbele yake mpaka mlangoni. Hatukuacha hata njia ya mtu kupita kiubavu. Kwa nini tuache? Ni mwezi mmoja tu.

Wiki tatu ziliisha zege likiwa halina hata siku kumi. Kuvunja kulichukua muda, bomba lililooza lilikutwa limeoza mbali zaidi ya ilivyodhaniwa, halafu ikaja habari ya kukauka. Hesabu ya mafundi ni nyepesi: zege la sakafu hukauka takriban milimita 1 kwa siku. Letu lilikuwa la sentimita 5. Ukiweka mbao juu yake kabla ya wakati, unyevu hupanda, mbao zinavimba na kuinuka. Nikapiga simu stoo kuongeza mwezi, kisha mwezi mwingine.

Kila nilipopita kuangalia kazi, fundi alinionyesha kipimo chake. Alikuwa amekata kipande cha nailoni, akakilaza sakafuni na kukibandika kingo zote nne kwa gundi. Kesho yake alikiinua. Upande wa chini ulikuwa umejaa vitone vidogo, kama kioo cha bafuni mtu akishaoga.

"Unaona? Kwa macho sakafu ni kavu. Maji yanatoka polepole, yakikosa pa kwenda yanakaa hapa."

Nilitikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Nilivitazama vile vitone mara tatu, katika majuma matatu tofauti, na sikulikumbuka kabati hata mara moja.

Nililikumbuka kwa sababu nyingine. Shule ilitaka cheti cha kuzaliwa cha binti yetu, chenyewe, si nakala, kabla ya Ijumaa. Cheti kilikuwa kwenye droo ya chini ya kabati la mama. Najua, karatasi kama hizo hazipelekwi stoo, hubaki kwenye mkoba wa mtu. Tulishaambizana hivyo, kwa sauti za juu kidogo, ndani ya gari njia nzima.

Ilituchukua zaidi ya saa moja kutoa vitu vyetu vyote na kuvipanga kwenye ujia. Watu wenye stoo za jirani walipita wakiruka godoro letu. Tulipolifikia kabati, nailoni ilikuwa imegeuka nyeupe kwa ndani. Nikaigusa kwa kidole, vitone vikateleza kuelekea chini vikiacha michirizi. Hapo ndipo nilipoiona sakafu ya chumba chetu cha kulala, na yule fundi amechuchumaa.

Nilipoipasua, harufu ilitoka kwanza. Kuvu ya kijivu ilikuwa imetanda kwenye miguu na kupanda hadi droo ya tatu, laini kama manyoya ya kifaranga. Mzee msimamizi wa stoo alikuja kuona kuna nini. Akainama, akapitisha ukucha kwenye mbao.

"Mwanangu, ulilifunga likiwa bichi?"

"Nililifuta tu, mzee."

"Basi ulilifungia na maji yake. Na chini ungelitegea vipande vya mbao, lisikae juu ya saruji. Shuka kuukuu lingetosha kulifunika."

Droo tatu za juu zilitoka kwa kulalamika. Ya chini iligoma. Ilikuwa imevimba ndani ya nafasi yake, na nilipovuta kwa nguvu, kishikio kimoja cha shaba kilibaki mkononi mwangu. Nadhani nililia kidogo hapo, ingawa mume wangu alisema baadaye ni ile kuvu. Mzee akaenda, akarudi na bisibisi. Tukaligeuza kabati, akafungua skrubu za ubao wa nyuma moja moja, bila haraka, akazipanga kwenye kiganja changu. Cheti kilikuwa ndani ya bahasha yake, kimejikunja pembe moja, kinasomeka.

Kabati lilikaa kwenye hewa, mbali na jua, karibu mwezi mzima kabla ya kusuguliwa kwa msasa na kupakwa mafuta. Liko chumbani sasa, juu ya ile sakafu ya mbao. Droo ya chini ilikauka, ikafunguka yenyewe siku moja nikiwa napita, na tangu siku hiyo haijakubali kufungika. Usiku tunaigonga kwa miguu.