Ndoo ya maji kwanza, asidi baadaye

Kidevu kilianza kunisumbua nilipoanza kunyoa kwa wembe kila baada ya siku mbili. Ndevu zangu ni za kipilipili. Zikikatwa chini kabisa, ncha inajikunja na kurudi kuchoma ngozi, na pale inapochoma panaota kipele. Kipele kikipona kinaacha doa jeusi. Nilipofika miaka 34, ukinitazama kwa mbali ungedhani nimejipaka masizi kuanzia taya hadi shingoni.

Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa. Nakaa Tabata, Dar es Salaam, chini ya mwavuli, na mteja akija anainama kusoma namba, kwa hiyo uso wangu anauona kwa karibu kuliko hata mke wangu. Siku moja mama mmoja, mtu mzima, alinipa pole kwa kuungua. Sikuwa nimeungua. Bado.

Habari ya pilingi, yaani kupaka asidi ili ngozi ya juu itoke, aliniletea kinyozi wangu. "Braza, hiyo inataka asidi tu. Unapaka, ngozi inabanduka yote, inakuja mpya kama ya mtoto." Akanionyesha video ya mtu anavuta ngozi ya shavu kama anayemenya kitunguu. Wiki hiyohiyo nilikuwa Kariakoo kwa shughuli zangu, nikaingia duka moja la vipodozi, nikatoka na chupa ndogo ya kudondoshea: asidi ya glaikoliki, asilimia 30, shilingi 18,000. Haikuwa na orodha ya viambato wala tarehe ya kuisha muda. Muuzaji akanifungia kwenye mfuko na maelekezo ya mdomo: iache dakika mbili tatu, ukisikia inachoma ujue inafanya kazi.

Ilikuwa Jumamosi usiku. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimenyoa kwa wembe na kupigwa spiriti juu, jambo ambalo leo nikilikumbuka najishika kichwa. Nikalowesha pamba, nikapaka kidevu na shingo yote, nikawasha saa ya simu. Dakika ya kwanza ilikuwa kama sisimizi wanatembea. Ya pili ikawa pilipili. Nikasema imetosha, nikafungua bomba.

Bomba likakohoa, likatoa upepo, likanyamaza.

Anayeishi Dar anajua sauti ile. Ndoo ya bafuni ilikuwa na maji ya kujaza kiganja, na dumu la jikoni lilikuwa limeishia kwenye maharage. Mke wangu, Mama Salma, akachomoka na jagi kwenda kugonga kwa jirani. Jirani amelala. Mimi huku nikashika taulo kavu nikaanza kujisugua, na huo ni ujinga mwingine, maana kusugua ngozi yenye asidi ni kuisaidia izame. Mama Salma aliporudi mikono mitupu alikumbuka kwamba asidi huzimwa na bekingi soda, akaanza kupekua makopo. Akaja na magadi. Nilimkataza kwa mikono miwili. (Kweli huko kliniki glaikoliki huzimwa kwa maji yaliyochanganywa na bekingi soda ya kupikia keki. Magadi ni kitu kingine, ni makali zaidi, usiyapeleke usoni.) Mpaka jirani wa pili anafungua mlango na jagi linafika, simu ilikuwa inasoma dakika tisa na kitu.

Siku tatu shingo ilitoa majimaji upande wa kushoto, kisha ikabanduka kweli. Kinyozi alifurahi kuliko mimi: "Si nilikwambia?" Ngozi ya chini ilitoka laini, ya rangi ya waridi, na kwa siku kama tano nilitembea shingo juu. Halafu ikaanza kukolea. Wiki ya tatu ilikuwa nyeusi kuliko nilipoanzia, tena kwa michirizi. Unaona kabisa pamba ilipita wapi.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa daktari wa ngozi. Nilijiandaa kusemwa. Hakunisema, aliniuliza maswali mawili tu kwanza: nilinyoa lini kabla ya kupaka, na mchana nakaa wapi. Kisha akauliza la tatu, ambalo ndilo lililonigeuza kichwa: "Nani alikwambia lazima ibanduke?"

Akanieleza kwa utulivu. Pilingi ni jeraha la makusudi, na kazi yote ni kujua kina chake. Asidi kama glaikoliki na laktiki hulegeza gundi inayoshika seli zilizokufa juu ya ngozi, zikadondoka zenyewe, mara nyingi bila hata kuonekana. Salisiliki huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo huingia ndani ya vitundu vya ngozi, na ndiyo maana huwafaa wenye chunusi. Zipo nyingine, TCA na fenoli, zinazoshuka chini zaidi, na hizo mahali pake ni mikononi mwa daktari. Nyumbani haziguswi, hata kama mtandaoni zinauzwa kama karanga.

Na asilimia pekee haikuambii kitu. Kuna pH, kipimo cha ukali wa asidi: kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyouma zaidi, hata kama asilimia ni ileile. Jopo la wataalamu wa vipodozi nchini Marekani liliweka mipaka tangu 1998: kwa bidhaa ya kujipaka mwenyewe, asidi za kundi la glaikoliki na laktiki zisizidi asilimia 10, na pH isishuke chini ya 3.5. Asilimia 30 ni za mtu aliyefunzwa, zinapakwa kwa muda mfupi na kuoshwa mara moja. Julai 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, ilitoa onyo kwa umma usinunue pilingi kali za kujipaka bila usimamizi wa mtaalamu, kwa sababu watu walikuwa wanaungua. Nikajiona nimo kwenye onyo lile.

Kisha akagusa ngozi yangu. Wataalamu hugawa ngozi katika ngazi sita, zinazoitwa kwa jina la daktari Fitzpatrick, kwa kuangalia inavyopokea jua. Wengi wetu tuko ya tano na ya sita. "Ngozi yako ukiichokoza inajibu kwa rangi," alisema. Uvimbe na muwasho wowote, uwe wa wembe, wa kipele au wa asidi, huziamsha seli zinazotengeneza rangi, nazo zinamwaga. Yaani lile doa nililokuwa napigana nalo na lile nililojitengenezea ni watoto wa mama mmoja. Ukipigana na doa kwa kuiunguza ngozi, unaagiza doa jingine.

Akaninyima asidi kwa miezi mitatu. Sabuni isiyo na manukato, mafuta mepesi, losheni ya kuzuia jua, na krimu moja ya usiku ambayo siitaji hapa kwa sababu ni ya kuandikiwa na daktari, na kwa sababu najua mtakwenda kuinunua. Wembe ukapigwa marufuku. Sasa napitisha mashine inayoacha ndevu fupi, hainyoi hadi chini. Nikiwa mkweli, nusu ya vipele iliisha kwa hilo peke yake, kabla sijagusa chupa yoyote. Ningeambiwa hivyo mapema ningeokoa shilingi 18,000 na shingo.

Miezi mitatu ilipokwisha aliniruhusu kuanza upya na laktiki ya asilimia 10, nikainunua duka la dawa, ikiwa na karatasi yake na tarehe yake. Molekuli ya laktiki ni kubwa kuliko ya glaikoliki, inaingia polepole, na inakupa nafasi ya kuwahi maji. Kwanza nilijaribu kipande kidogo nyuma ya taya, chini ya sikio, nikasubiri siku mbili. Hakukuwa na wekundu wala malengelenge, nikaendelea.

Utaratibu wangu sasa ni huu, na nyumbani wanaujua kama ratiba ya chakula. Ndoo inajazwa kwanza. Naijaza hata kama bomba linatoka kwa kasi ya zimamoto. Jagi linakaa ndani ya ndoo. Nanawa uso kwa sabuni ile laini na kuukausha kabisa, dakika kumi hivi, kwa sababu ngozi yenye maji hunywa asidi haraka. Napaka mafuta ya mgando pembeni mwa pua, kwenye midomo na kwenye kidonda chochote, hata kile cha kukwaruzwa na kucha ya mtoto. Halafu ndipo chupa inafunguliwa. Napaka kwa vidole, tabaka moja jembamba, na saa inaanza kuhesabu. Pamba niliiacha, kwa sababu inasugua na inaacha michirizi.

Mara ya kwanza niliiacha dakika moja tu. Dakika moja! Nilijiona mpuuzi, nimekaa na ndoo nzima kwa ajili ya sekunde sitini. Wiki mbili baadaye, dakika mbili. Nimefika nne na sijavuka. Kuwashwa kidogo nakuvumilia. Ikianza kuchoma, kuwaka moto au sehemu moja kubadilika rangi, naosha hapohapo bila kuitazama saa. Naosha kwa maji mengi, majagi sita saba, kisha mafuta mepesi na kulala. Ile krimu ya daktari naisimamisha wiki nzima kabla, na mashine haipiti siku tatu kabla wala siku tatu baada. Kinyozi ameshaambiwa: spiriti asinipige.

Mama Salma naye alitaka kujaribu salisiliki kwa chunusi zake. Daktari alimuuliza kama ana mzio wa aspirini na kama ana mimba. Mimba ilikuwepo, ya wiki saba, na jibu likawa subiri. Shemeji yangu kwa upande wake alishauri ndimu na sukari, "asidi ya asili". Ndimu ina pH ya karibu 2, na ndani yake kuna kemikali zinazoamka zikikutana na jua na kuunguza ngozi ikabaki na mabaka. Kwa mtu anayeshinda chini ya mwavuli wa Tabata, hiyo asili inikome.

Jua ndilo lililonipa kazi kubwa kuliko asidi. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena Oktoba, saa sita mchana jua linasimama utosini kabisa. Ngozi iliyotoka kupakwa asidi imepunguziwa ngao, na mwavuli hauzuii mwanga unaodunda kutoka kwenye lami na kwenye mabati ya kibanda cha pili. Nilikuwa naamini losheni ya jua ni ya wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kitengo kinachotengeneza losheni hiyo kwa ajili yao, kwa hiyo somo la jua nchi hii inalo siku nyingi, ila mimi nilidhani halinihusu.

Losheni ya kwanza niliyonunua, ya SPF 50 (kipimo cha nguvu ya kuzuia jua), ilinifanya nionekane nimetoka kukoboa mahindi. Wateja walicheka. Mwendesha bajaji mmoja akaniuliza kwa sauti ya watu wote kusikia: "Mzee, na wewe umeanza mkorogo?" Ilibidi nimweleze, na kusema kweli swali lake halikuwa la kipuuzi. Mkorogo una vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, zebaki na haidrokwinoni, na anayejichubua anataka rangi yake iondoke. Mimi nataka rangi yangu irudi iwe moja. Ila chupa za mambo yote mawili zinakaa rafu moja dukani, na muuzaji ni yuleyule.

Daktari akanielekeza kwenye losheni yenye rangi ya kahawia. Rangi hiyo inatokana na oksaidi za chuma, na faida yake si urembo tu. Inazuia pia mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, ambao kwa ngozi nyeusi nao hukoleza madoa. Napima vidole viwili, cha shahada na cha kati, navijaza losheni kutoka chini hadi ncha, hiyo ndiyo ya uso na shingo. Narudia kila baada ya saa mbili. Kwa jasho la Februari hata saa mbili ni nyingi.

Mwezi wa pili wa utaratibu huu ngozi ilianza kuwa laini ukiipitisha kiganja. Madoa ya zamani yalianza kufifia mwezi wa nne, kwa uvivu mkubwa, na leo, mwaka mmoja na ushee, mengi huyaoni. Ile michirizi ya dakika tisa bado ipo upande wa kushoto chini ya taya. Imepauka, lakini nikigeuza shingo kwenye kioo naihesabu: mitatu.

Juzi kinyozi alinishika kidevu akakigeuza kwenye taa, huku na huku.

"Braza, safari hii ulibanduka siku ngapi?"

"Sikubanduka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akanitazama kwenye kioo kama mtu anayefichwa bei, kisha mkono ukaenda wenyewe kwenye chupa ya spiriti. Niliudaka njiani.