Si mwili unaozoea dawa

Shangazi yangu ana kauli ambayo nimeisikia pia kwenye maduka ya dawa, na hata kwa watu waliosoma: “Mwili wangu umeshaizoea amoksilini, hainisaidii tena.” Kwa miaka mingi niliikubali. Mwaka jana niliugua UTI isiyosikia dawa, daktari akaagiza mkojo uoteshwe maabara, yaani bakteria waliomo wakuzwe na kujaribiwa kwa dawa mbalimbali, na majibu yakaja na orodha ya dawa saba, tano kati yake zikiwa na herufi R, yaani bakteria wale walikuwa sugu kwazo. Mojawapo ya tano hizo sijawahi kuimeza maishani. Mwili wangu ungeizoeaje?

Anayebadilika si mgonjwa, ni bakteria. Escherichia coli, anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi ya njia ya mkojo, akipata mazingira mazuri hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, na katika kunakili vinasaba mara nyingi kiasi hicho makosa hayakosekani. Mengi hayana faida; machache humkinga dhidi ya dawa ambayo hata hajakutana nayo. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg, huko Wisconsin, Marekani, walibonyeza kitambaa cha mahameli juu ya makundi ya bakteria kama mtu agongaye muhuri, wakahamishia nakala kwenye sahani yenye dawa, na kwa njia hiyo wakaonyesha kwamba wale sugu walikuwamo tangu mwanzo katika sahani isiyo na dawa. Dawa haikuwaumba, iliwaua wenzao na kuwaachia nafasi.

Kinachonitisha zaidi ni plazimidi, kipande cha DNA chenye umbo la duara ambacho bakteria mmoja humpitishia mwenzake, hata wa aina nyingine, kikiwa kimebeba jeni kadhaa za usugu kwa pamoja: moja ya kimeng'enya kinachoharibu penisilini, nyingine ya pampu inayoitema tetrasaiklini nje ya seli. Anayemeza amoksilini kwa mafua, ugonjwa wa virusi ambao dawa hiyo haiugusi kabisa, huwachuja bakteria wasio na hatia waishio utumboni mwake, na wanaosalia husafiri kwa mikono na maji machafu hadi kwa mtu ambaye hajawahi kuonja kidonge hicho.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kuwa mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, kiwango cha juu kabisa kikiwa Afrika Magharibi, vifo 27.3 kwa kila watu 100,000.

Mimi nilipona kwa mojawapo ya zile dawa mbili zilizobaki, ya sindano, niliyoifuata kituoni kila asubuhi kwa siku saba. Nilipomweleza shangazi haya yote alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo hata mimi sikumwuliza daktari: “Sasa hiyo dawa ambayo wewe hujawahi kuimeza, aliimeza nani?”